Mkono Unaovuma

Fundi saa alikuwa na jibu moja kwa kila mteja. Ukimletea saa iliyosimama, atakuambia, "Dakika tu." Ukirudi wiki ya pili kuiulizia, atakuambia vilevile, "Dakika tu, ndugu yangu, saa si chapati." Watu wakachoka naye, wakamwita Dakika. Jina likamganda, na mkewe akawa Mama Dakika, ingawa hapakuwa na mtoto wa jina hilo.

Kibanda chao kilikuwa upande wa mbele wa nyumba. Kilikuwa na dirisha moja, meza moja, taa ya kuinama, na kioo cheusi ambacho Dakika alikibana jichoni akitazama ndani ya saa. Mama Dakika alishona mikanda ya saa ya ngozi. Mume na mke walishinda kwenye meza moja kutwa nzima, wakifanya kazi na kutaniana.

"Mikanda yako inadumu kuliko saa zangu," Dakika humwambia.

"Na mdomo wako unadumu kuliko vyote viwili," mkewe humjibu.

Kulikuwa na sharti moja ambalo Dakika hakukubali kulivunja. Saa ikishatengenezwa, hairudishwi siku hiyo. Huvaliwa kwanza siku nzima, mkononi mwake mwenyewe.

"Saa ikilala mezani hujifanya nzima," alisema. "Ivae, unywe nayo chai, ukune nayo mgongo. Hapo ndipo utaijua tabia yake."

Alizivaa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ndio uliofanya kazi. Siku nyingine zilikuwa mbili, siku nyingine tatu, zimepangana. Mtu hawezi kujifunga mkanda vizuri kwa mkono mmoja, kwa hiyo Mama Dakika ndiye aliyemfunga. Asubuhi Dakika alinyoosha mkono juu ya meza, naye akafunga.

"Kaza, mwenzangu. Isije ikateleza ikaanguka. Mali ya watu hiyo."

Mama Dakika alikaza mpaka tundu la mwisho.

Sasa, Dakika alikuwa na presha. Aliambiwa anywe dawa kila siku. Alikunywa alipoumwa kichwa, kichwa kikipoa anaacha. "Mbona najisikia mzima?" alisema. Presha ndivyo ilivyo, haipigi hodi. Ilimla figo kimyakimya, mwaka hadi mwaka. Miguu ikavimba, chakula kikamshinda, pumzi ikawa fupi. Walipofika hospitali, figo zote mbili zilikuwa zimechoka kabisa.

Chumba cha mashine kilikuwa kirefu, kina viti vya kulalia vilivyopangwa kandokando ya kuta. Kila kiti kilikuwa na mashine yake, na mirija myekundu ikizunguka. Sista mmoja wa makamo, mwenye sauti ya kuamuru na macho ya huruma, alimkalisha Mama Dakika kwenye benchi.

"Figo ni chujio, mama," alimwambia. "Unavyochuja chai, ndivyo figo zinavyochuja damu. Za mumeo haziwezi tena. Mashine hii itachuja badala yake, naye atakuja kila wiki, siku zake zikifika."

"Na huo mpira shingoni ni wa nini?"

"Ndiyo njia ya damu kwa sasa. Inatoka hapo, inasafishwa, inarudi hapo hapo. Lakini mpira huu ni wa muda tu. Ncha moja iko ndani karibu na moyo, nyingine iko nje. Vijidudu vikipita hapo, vinaingia kwenye damu moja kwa moja. Kwa hiyo tunataka apate njia yake mwenyewe, mkononi."

Aliyezitengeneza njia hizo alikuwa daktari wa upasuaji, mwanamke mwembamba, mpole wa sauti. Wagonjwa walimwita Daktari wa Mikono. Hakusalimia kama watu wengine. Alikushika mkono, akaweka vidole viwili juu ya mshipa, akanyamaza kidogo, ndipo akakuuliza habari yako.

"Inaitwa fistula," alimwambia Dakika. "Usishtuke, si ile ya kina mama wa uzazi. Hii ni kitu kingine. Mkononi kuna mshipa unaoleta damu kutoka moyoni. Huo una nguvu. Kuna mwingine unaoirudisha damu. Huo ni mpole, mwembamba. Mimi nitaiunganisha hapa, kwenye kifundo cha mkono. Damu yenye nguvu itaingia kwenye mshipa mpole, na mshipa utapanuka na kukomaa. Baadaye tutachoma sindano za mashine hapo, na mpira wa shingoni tutautoa."

Dakika akacheka. "Kwa hiyo Daktari na wewe ni fundi! Nitapona lini?"

"Mshipa unataka wiki kadhaa kukomaa."

"Useme dakika tu, tuelewane."

Hata Sista alicheka siku ile.

Siku ya upasuaji Mama Dakika alibaki nje. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia kule. Dakika alitoka mkono umefungwa bandeji nyeupe, macho mazito kwa ile sindano ya kutuliza.

"Wamekuambia nini?" mkewe akamuuliza njiani.

"Mengi. Nilikuwa nasinzia, mwenzangu. Nimeshika moja tu: nisibebe mzigo mzito kwa mkono huu."

"Basi hutabeba hata kijiko," akasema Mama Dakika.

Na kweli. Tangu siku ile ndoo ya maji alibeba yeye, na gunia la mkaa pia. Hata kiti cha kibandani alikivuta yeye asubuhi na kukirudisha jioni. Majirani walimtania Dakika kwamba amekuwa bwana harusi tena.

Bandeji ilipotoka, Dakika alimwita mkewe chumbani. "Njoo usikie maajabu."

Aliulaza mkono kwenye mto. Mama Dakika akaweka sikio. Mkono ulikuwa unavuma! Vuu, vuu, vuu, kama paka aliyeshiba amelala ndani ya ngozi.

"Mama yangu! Ni nini hicho?"

"Damu inapita njia mpya. Daktari amesema ukivuma, uko hai."

Ikawa mazoea yao. Kila siku baada ya chakula cha mchana Dakika alijinyoosha kidogo, na mkewe akalaza sikio kwenye ule mkono. Wakati mwingine usingizi ulimchukua hapo hapo. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini saa zile ndizo alizozipenda kuliko zote. Aliona kama ameambiwa kwamba mume hataondoka.

Kidonda kikapona. Kazi ikarudi. Na saa zikarudi mkononi, kama zamani. Nani angefikiri vingine? Waliambiwa mzigo mzito. Saa ni mzigo? Hata mtoto anaivaa. Asubuhi Dakika alinyoosha mkono juu ya meza. "Kaza, mwenzangu." Mkewe akakaza. Siku za kwenda hospitali alizivua zote na kuzifungia kwenye droo, kwa sababu ni mali za watu. Kwa hiyo Sista hakuziona, wala Daktari.

Dada yake Dakika alipita siku moja na saa yake ya mkanda wa chuma. Alikuwa dobi mwenye kibanda chake cha kupigia pasi, na watu walimwita Mama Pasi. Alikuwa mkali kama pasi yenyewe, hasa kwa wifi yake.

"Kaka, hii saa naitaka upesi. Usiniletee dakika zako," akasema. Kisha akamgeukia Mama Dakika. "Na wewe wifi, mbona kaka yangu amekonda hivi? Au unampikia picha?"

"Nampikia, wifi. Ila nikikuona wewe, na mimi nakosa hamu ya kula," akajibu Mama Dakika. Wakacheka kidogo, kicheko cha mawifi, nusu utani, nusu kweli.

Siku chache baadaye, baada ya chakula cha mchana, Mama Dakika alilaza sikio kama kawaida. Akasikiliza. Akageuza kichwa, akaweka sikio la pili. Akasikiliza tena.

"Mbona kimya?"

"Umelala tu," Dakika akasema. "Hata mimi nimechoka leo."

"Twende hospitali."

"Kesho kutwa ni siku yangu ya mashine. Wataniangalia huko huko. Tutamsumbua daktari kwa sababu mkono umesinzia?"

Mama Dakika hakuridhika. Lakini jua lilikuwa kali, mume alikuwa amechoka, na kesho kutwa haikuwa mbali. Wakangoja.

Siku ya mashine ilipofika, Sista aliuweka mkono sikioni, kisha akaweka vidole. Uso wake ukabadilika. "Umenyamaza tangu lini?"

"Juzi, Sista. Mchana."

Daktari wa Mikono aliitwa. Naye alishika, akapima. "Damu imeganda ndani," akasema taratibu. "Mngekuja juzi ile ile, pengine ningeweza kuufungua. Sasa umeziba kabisa. Poleni sana."

"Tutengeneze mwingine," akasema Mama Dakika. "Mkono wa kulia upo."

Dakika akaurudisha mkono wa kulia nyuma ya mgongo, kama mtoto anayeficha andazi. "Huu ndio unaonilisha, Daktari. Nipe muda nifikirie."

Daktari alimweleza taratibu. Dakika akasikiliza, akaitikia, akaomba muda tena. Na wakati anafikiria, mpira ulibaki shingoni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga wanasema. Dakika hakupata nafasi ya kujenga ukuta. Siku moja, katikati ya mashine, alianza kutetemeka. Meno yaligongana, mwili ukawaka moto. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu kwa njia ya mpira. Walimpa dawa kali, wakautoa mpira, wakahangaika naye usiku na mchana. Mama Dakika alikaa pembeni, amemshika ule mkono wa kushoto uliokuwa kimya.

"Mwenzangu," Dakika alimwambia mara ya mwisho, kwa sauti ya chini, "usiwarudishie saa zao kabla hujazijaribu."

Akafa asubuhi.

Msibani, Mama Pasi alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akasimama mbele ya watu wote, akanyoosha kidole.

"Kaka yangu alikuwa anatembea! Wakamkata mkono, wakampeleka kaburini. Na wewe, wifi, ndiye uliyemwongoza kwenda kukatwa!"

Mama Dakika naye alikuwa akijiuliza hivyo hivyo.

Miezi ikapita. Kibanda kilifunguliwa nusu dirisha. Mama Dakika aliuza mikanda tu. Mchana hakulala tena. Akijinyoosha, sikio lake lilitafuta ule mvumo kwenye mto, lisiupate, naye huinuka na kurudi mezani akiwa amechoka zaidi.

Siku moja mtu akabisha dirishani. Alikuwa Daktari wa Mikono, bila koti jeupe, amebeba mkoba.

"Umekuja kuangalia nini?" Mama Dakika akamuuliza kwa uchungu. "Mtu si ameshazikwa?"

"Nimekuja kuuliza, mama. Ukinifukuza nitaondoka."

Hakufukuzwa. Alipewa kiti. Akasema, "Nafanya utafiti. Nafuatilia mikono yote niliyoipasua. Ipi imedumu, ipi imeziba, na kwa nini. Mingine naelewa: mshipa ulikuwa mwembamba, au mtu ana kisukari, au ni mkono wangu mwenyewe uliokosea. Lakini kuna mingine inatoka kwangu ikivuma vizuri, halafu inarudi imenyamaza. Mkono wa mumeo ulikuwa mmoja wa hiyo. Nimetafuta jibu hospitalini sikulipata. Walio hai nawauliza. Waliokufa, naona aibu kuwauliza wenzao. Leo nimejikaza."

"Uliza," akasema Mama Dakika.

"Alikuwa anafanyaje kazi yake? Nionyeshe."

Mama Dakika akavuta taa. Akaonyesha kioo cheusi, bisibisi ndogo, mahali alipokaa mume na mahali alipokaa yeye. "Hapa anafungua. Hapa anasafisha. Saa ikipona, anaivaa."

"Anaivaa?"

"Siku nzima. Kuijaribu. Ndiyo desturi yake." Akafungua droo. Saa za watu zilikuwa bado mle. Akachukua moja, mbili, akajivika mkono wa kushoto. "Hivi. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga. Nakaza mpaka hapa, zisiteleze."

Daktari aliinama, akaweka vidole viwili juu ya mkanda, kwenye kifundo cha mkono. Mahali pale pale alipokuwa amepasua.

Mama Dakika alivitazama vile vidole. Akatazama mkanda aliokuwa ameushona kwa mikono yake. Pole pole akaelewa. Alianza kuzivua saa kwa haraka, vidole vikamkataa, mkanda ukang'ang'ania.

"Ni saa? Daktari, niambie. Ni saa?"

"Siwezi kuapa, mama. Mshipa huziba kwa sababu nyingi. Lakini kitu cha kubana hapo, kila siku, kingetosha."

"Na mimi nilikuwa nambebea ndoo!" Mama Dakika akalia. "Nilimkataza kushika kijiko! Halafu asubuhi namfunga mwenyewe!"

Alilia kilio ambacho hakukilia msibani. Daktari alimwacha alie. Alipotulia kidogo, Daktari akasema, "Nisikilize. Tulimpa maelezo akiwa anasinzia, peke yake, na wewe umekaa nje. Hatukumuuliza anafanya kazi gani. Wewe ulitimiza kila ulichoambiwa. Kosa la kwanza ni letu."

"Halinirudishii mtu."

"Hapana," Daktari akasema. "Halikurudishii."

Kabla ya kuondoka alimweleza yote ambayo Dakika alipaswa kuyasikia. Mkono wenye njia ya mashine haufungwi saa, bangili wala nguo ya kubana. Hauwekwi chini ya kichwa wakati wa kulala. Haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo, hautundikiwi maji. Unaoshwa kwa sabuni kabla ya sindano. Na kila siku, asubuhi na jioni, mwenyewe anaushika na kuusikiliza. Ukinyamaza, usingoje kesho. Nenda hospitali wakati huo huo.

Mama Dakika aliyashika yote. Hakujua bado atayafanyia nini.

Haukupita muda mrefu. Habari ikaja kwamba Mama Pasi amevimba miguu. Presha ilikuwa kwao, kwa kaka na kwa dada. Hospitali walimwambia figo zake bado zinafanya kazi kidogo, lakini zinashuka. Wakamshauri atengenezewe njia mkononi mapema, kabla ya kuihitaji mashine, ili siku ikifika asiwekwe mpira shingoni. Mama Pasi akawajibu maneno ambayo hayaandikiki, akarudi kupiga pasi.

Mama Dakika alikaa na habari ile siku mbili. Mtu aliyekuaibisha mbele ya waombolezaji, unamwendea na mguu gani? Lakini siku mbili zilimkumbusha siku mbili nyingine. Akajifunga kanga, akaenda.

Kibanda cha Mama Pasi kilinuka mkaa na nguo zenye unyevu. Mwenyewe alikuwa akipuliza pasi, uso umevimba.

"Umekuja kunichukua na mimi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kukaa, wifi. Kiti kipo?"

"Kiti kipo. Hamu ya kukuona ndiyo sina."

Mama Dakika akakaa. "Watakuwekea mpira kama wa kaka yako ukichelewa. Mkono haukumuua. Mpira ndio uliomuua. Mkono ulioziba ndio uliomwacha na mpira."

"Na mkono uliziba kwa nini, kama kazi yao ni nzuri?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mama Dakika angeweza kusema "Mungu alipanga" na hakuna ambaye angembishia.

"Kwa sababu ya saa alizokuwa anazijaribu. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga. Nilikuwa nakaza."

Pasi ikasimama juu ya shati. Moshi mwembamba ukaanza kupanda. Mama Dakika akainuka, akaichukua pasi na kuiweka pembeni. Alingoja matusi. Hayakuja.

"Saa," akasema Mama Pasi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na ile yangu? Ya chuma? Niliyomharakisha?"

Mama Dakika alikumbuka vizuri. Ndiyo iliyokuwa mkononi siku ile. Mkanda wa chuma hauna tundu, unabana unavyotaka.

"Zilikuwa nyingi, wifi," akasema. "Zilikuwa nyingi."

Mama Pasi alimtazama. Hakuwa mjinga. Alijifunika uso kwa lile shati lililoungua, akalia. Mama Dakika akaja upande wake wa meza, akamshika mabega. Wakalia pamoja, wanawake wawili waliompenda mtu mmoja, hakuna aliyemuuliza mwenzake kosa ni la nani.

"Nitakwenda," Mama Pasi akasema baadaye, akipenga kamasi. "Lakini wewe utaingia na mimi mpaka ndani. Na wakikukataza, nitawachoma na pasi."

Hawakumkataza. Daktari alikuwa amebadilisha utaratibu. Sasa mgonjwa hakupasuliwa bila mtu wa nyumbani kukaa naye na kusikia kila neno, kabla ya sindano ya kutuliza. Na kulikuwa na swali jipya ambalo aliuliza kila mtu.

"Unafanya kazi gani, mama? Nionyeshe."

Mama Pasi akainuka, akaonyesha. Mkono wa kulia unasukuma pasi. Wa kushoto umetundika kapu la nguo za watu, mpini umekaa kwenye kunjo la kiwiko, kuanzia asubuhi mpaka jioni.

"Hilo kapu," Daktari akasema, "kuanzia leo liende kichwani."

"Kichwani? Nitaharibu nywele."

"Wifi," akasema Mama Dakika, "nywele zipi?"

Daktari alipaka jeli mkononi, akatembeza kile kipimo wanachopimiwa wajawazito, akaitafuta mishipa kwenye kioo mpaka akapata mzuri. Akapasua. Jioni ile kabla hawajaondoka, Sista alichukua kidole cha Mama Dakika, akakiweka mahali penyewe. "Hapa. Umesikia unavyotetemeka?" Mama Dakika aliitikia kwa kichwa.

Mama Pasi akawa mlinzi wa mkono wake kama askari wa benki. Siku moja kliniki kijana mgeni alimfunga kitambaa cha kupimia presha upande wa kushoto. Ukelele aliopiga ulisikika mpaka dawa zinapotolewa. "Mkono huo haugusiki! Kamata huu mwingine!" Kijana wa watu akaomba radhi mara kumi.

Mwaka uliofuata figo zake ziligoma. Ilikuwa huzuni, hakuna wa kuificha. Lakini siku ya kwanza ya mashine mkono ulikuwa tayari, mshipa umekomaa na kusimama. Sindano zikaingia, mashine ikaanza. Shingo yake ilikuwa wazi. Mama Dakika aliitazama ile shingo mara nyingi siku ile.

Saa za watu zilirudishwa zote. Mama Dakika alizijaribu kwanza, kama alivyoagizwa. Alizifunga kwenye mpini wa mwiko, akautundika kiunoni, akatembea nao kutwa. Watu walimcheka, naye akawaacha wacheke. Ile ya chuma Mama Pasi alikataa kuichukua. Imebaki kwenye droo.

Siku zisizo za mashine, Mama Dakika hupita kibandani kwa wifi yake baada ya chakula cha mchana. Husogeza nguo, huketi, na Mama Pasi hunyoosha mkono juu ya meza ya pasi bila kuambiwa.

"Unavuma?" huuliza.

Mama Dakika hulaza sikio. Vuu, vuu, vuu.

"Unavuma."

Kazi ya kusikiliza ingekwisha hapo. Lakini Mama Dakika hafungui macho, wala hainui kichwa. Mkaa unapoa, nguo za watu zinangoja, na wateja wa Mama Pasi si watu wa kungoja. Mama Pasi, ambaye hajawahi kumnyamazia mtu maishani mwake, hunyamaza, na mkono huuacha pale pale.